Sisibo na Eldoret: Sajili, Masimulizi na Historia ya Ukoo katika Nyanda za Uasin Gishu na Nandi

Utangulizi

Mji wa Eldoret una majina mawili, na kila jina lina makazi yake. Jina la Eldoret, lililoanza kutumika rasmi mwaka 1912, limo katika ramani, hati za ardhi na barua za serikali. Jina la Sisibo limo vinywani mwa wazee. Hili la pili ni matamshi ya wenyeji ya namba 64 kama ilivyotajwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mji ulianzia katika shamba lililopewa namba hiyo wakati nyanda za Uasin Gishu zilipogawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliofika mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Mjukuu aliyesimuliwa kwamba babu yake alikwenda Sisibo kutafuta kazi, kisha akalitafuta jina hilo katika faharasa za nyaraka jijini Nairobi, huenda akarudi mikono mitupu. Nyanya yake hakumdanganya, wala faharasa haikukosea. Amekosa tu daraja la kumvusha kutoka matini moja hadi nyingine.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza daraja hilo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: mtu anayefuatilia historia ya ukoo wake katika eneo la Eldoret na Nandi azisomeje sajili za kikoloni kwa upande mmoja, na masimulizi aliyorithi kwa upande wa pili? Mazoea ya muda mrefu yamekuwa kuzifanya sajili kuwa hakimu na masimulizi kuwa mshitakiwa. Inadaiwa hapa kwamba mazoea hayo hayafai. Sajili na simulizi hukosea zote mbili, ila hukosea kwa namna tofauti, na kila kosa lina habari ndani yake. Kwa hiyo kazi ya mtafiti wa nasaba ni kazi ya mhakiki: kuuliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwa haja gani. Mfano utakaotumiwa zaidi ni ule wa ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiyot, yaani viongozi wa kiroho na wa kisiasa wa Wanandi, kwa sababu vyanzo vyake vya aina zote mbili ni vingi na migongano yake ni ya wazi.

Majina katika Sajili

Kikwazo cha kwanza ni majina ya jamii zenyewe. Neno Kalenjin, ambalo leo hujumuisha Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Watugen na wenzao, lilienea katika miaka ya 1940 kupitia matangazo ya redio ya wakati wa vita na harakati za wanafunzi. Mtafiti anayelitafuta katika ripoti za mwaka 1910 hatalipata. Ataipata jamii ya Wakipsigis ikiitwa Lumbwa, Wakeiyo wakiitwa Elgeyo, Watugen wakiitwa Kamasia na Waterik wakiitwa Nyangori. Aidha, nchi ya Nandi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, ilipohamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Hivyo basi habari za familia moja, iliyoishi kilima kimoja bila ya kuhama, zimetawanyika kati ya Entebbe, Nairobi na London. Mipaka ndiyo iliyohama.

Kikwazo cha pili ni majina ya watu. Mnandi hupewa jina la utotoni linaloeleza hali ya kuzaliwa kwake. Kiprotich alizaliwa ng'ombe walipokuwa wakirudi nyumbani, Kipkoech alizaliwa alfajiri, Kiprop wakati wa mvua. Baada ya jando mwanamume huitwa kwa neno arap, lenye maana ya mwana wa, likifuatwa na jina la baba. Akibatizwa huongezewa jina la tatu. Karani asiyeijua lugha husikia sauti moja na kuandika nyingine, na anapokutana na mtu yuleyule miaka kumi baadaye, humwandika upya kana kwamba ni mtu mwingine.

Ukoo wa Talai unaonyesha jambo hili vizuri. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot aliyeuawa na Wanandi wenyewe mnamo 1890, ndiye baba yake Koitalel arap Samoei. Koitalel naye ndiye baba yake Barsirian arap Manyei. Turukat, Samoei, Manyei: vizazi vitatu, na hakuna jina linalorithiwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine kwa namna ambayo karani wa Kiingereza angeitarajia. Mtu anayezisoma sajili kwa mazoea ya Ulaya, ambako jina la ukoo huwaunganisha baba na mwana, angeona hapa watu watatu wasio na uhusiano wowote. Simulizi ya nyumbani ndiyo inayowaunganisha. Bila ya simulizi hiyo, sajili ni orodha tu.

Hata hivyo, kuna kosa moja la sajili ambalo lafaa kuangaliwa kwa makini. Maofisa wa kikoloni hawakupenda kuliandika neno orkoiyot. Waliandika laibon, ambalo ni neno la Kimaasai, na sheria ya mwaka 1934 iliyowahamisha watu wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis iliitwa Sheria ya Kuwahamisha Walaiboni. Ni rahisi kulitupilia mbali neno hilo kuwa ushahidi wa ujinga wa watawala. Lakini masimulizi ya Wanandi wenyewe, yaliyoandikwa mapema na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1909, yanasema kwamba ukoo wa maorkoiyot ulitokana na Wamaasai, ukapokewa na kuingizwa katika jamii ya Wanandi. Kosa la karani na kumbukumbu ya ukoo, ambazo hazikushauriana, zinaelekeza upande mmoja. Hapa ndipo mtafiti anapofaidika: kile kilichoonekana kuwa doa katika hati kinageuka kuwa alama ya njia.

Matini Mbili za Kifo Kimoja

Mgongano mkubwa zaidi unahusu kifo cha Koitalel. Kwamba aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano na Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, hakuna anayekataa. Upinzani wa Wanandi ulikuwa umedumu takriban miaka kumi, na kifo hicho kiliuvunja. Kinachobishaniwa ni maana ya mkutano wenyewe. Kwa mujibu wa Meinertzhagen, Koitalel alikuwa ameandaa hila ya kumwua, naye akawahi. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wanandi, Koitalel alikwenda kufanya suluhu, akiwa na majani mkononi, ishara ya amani ambayo kila Mnandi aliifahamu, na akapigwa risasi alipounyosha mkono.

Kwa miongo mingi matini ya kwanza ilipewa uzito kwa sababu ilikuwa maandishi, na zaidi ya hayo ilikuwa shajara. Shajara hubeba mamlaka ya pekee: msomaji hudhani kwamba iliandikwa jioni ya siku ileile, kabla ya mwandishi kupata nafasi ya kujitetea. Lakini shajara hiyo ya Kenya ilichapishwa mwaka 1957, miaka 52 baada ya tukio, ikiwa imepigwa chapa upya na mwandishi wake. Mabaraza ya uchunguzi yaliyomsafisha ofisa huyo hayakuzuia kuondolewa kwake Afrika Mashariki mwaka 1906. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, wataalamu wa ndege waliochunguza mkusanyiko wake wa vielelezo waligundua kwamba alikuwa ameiba vielelezo vya wengine na kuvibandika habari za uongo kuhusu mahali vilipopatikana. Kitabu cha Brian Garfield cha mwaka 2007 kilipanua tuhuma hizo hadi kwenye shajara zake.

Funzo kwa mhakiki ni dhahiri. Shajara hiyo nayo ni simulizi. Ina msimulizi anayejijengea sifa, ina hadhira anayoilenga, na imepitia usimulizi wa marudio kabla ya kufika kwa msomaji. Tofauti yake na simulizi ya mzee wa Nandi ni kwamba marudio yake yalifanyika faraghani, mezani pa mtu mmoja, ambapo hapakuwa na wa kumsahihisha. Simulizi ya mzee hurudiwa mbele ya wazee wenzake, na miongoni mwao wamo wanaoweza kusema: hapo umekosea.

Hata hivyo, haifai kutoka katika kosa moja na kuingia katika jingine. Simulizi ya majani ya amani nayo ina kazi yake. Inamkinga Koitalel dhidi ya lawama ya kunaswa kirahisi, na inaugeuza ushindi wa kijeshi wa Waingereza kuwa hatia. Kujua kazi hiyo hakuifanyi simulizi kuwa ya uongo, bali kunamwezesha mtafiti kutenga yale ambayo msimulizi asingekuwa na haja ya kuyabuni. Hali kadhalika, vitu vyenyewe hutoa ushahidi. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa siku ile zilirudishwa Kenya mwaka 2006 na mwana wa Meinertzhagen. Familia moja ilikuwa imezihifadhi kama kumbukumbu ya baba, nyingine ilikuwa imehifadhi habari ya kupotea kwake. Masimulizi ya ukoo wa mwuaji na ya ukoo wa aliyeuawa yalikutana katika vipande vya mti.

Ukimya wa Sajili

Sajili hukosea pia kwa kunyamaza. Ukimya mwingine umetokana na moto: mwaka 1939 jengo la Sekretarieti ya serikali jijini Nairobi liliungua pamoja na nyaraka nyingi za miongo ya mwanzo. Ukimya mwingine umetokana na kuficha: mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, ilifahamika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park majalada yaliyoondolewa katika makoloni kabla ya uhuru. Ukimya wa tatu ni wa kila siku, nao umo katika muundo wa hati zenyewe.

Kipande ni mfano mzuri. Hati hii, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa mnamo 1920, ilibebwa na wanaume wa Kiafrika shingoni ndani ya kikasha cha bati. Ilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, na saini za waajiri zikionyesha siku ya kuanza na ya kuacha kazi. Kwa familia zilizoishi katika mashamba ya walowezi kuzunguka Eldoret, kipande ni hazina: kinaweza kuonyesha mwaka ambao babu alihama kutoka shamba moja hadi jingine. Lakini wanawake hawakubeba kipande. Katika hati hizo babu ana historia ya kazi. Nyanya aliyelima, aliyekamua na kulea katika mashamba yaleyale hana hata mstari. Mara nyingi ndiye aliyebaki kuwa msimulizi. Yaelekea hali hizi mbili zinahusiana: aliyefungiwa nje ya karatasi ndiye aliyelazimika kukumbuka.

Barsirian arap Manyei anaonyesha ukimya wa namna nyingine. Alikamatwa mwaka 1923, wakati Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe ya saget ab eito, ambayo kwayo mamlaka hukabidhiwa rika jipya, na ambayo serikali iliihofia kuwa mwanzo wa maasi. Aliachiliwa mwaka 1964. Bendera ya uhuru ilikuwa imepandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Historia iliyoandikwa kwa kufuata tarehe za dola huonyesha kwamba ukoloni ulikwisha siku hiyo. Historia ya ukoo wake ina tarehe nyingine. Vivyo hivyo, watu wa Talai waliopelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, baada ya sheria ya 1934, hawakuanza kurejea hadi 1962. Sheria yenyewe inataja kuhamishwa. Maneno ya mbu, ya mbung'o na ya watoto waliozikwa ugenini yamo katika masimulizi.

Nyumba, Ndoa na Rika

Baadhi ya mambo hayawezi kusomwa kwa usahihi katika chanzo chochote bila ya kuzijua desturi. Mfano ni ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambayo Wanandi wanaijua vizuri na ambayo Regine Oboler aliichambua katika makala ya mwaka 1980. Mwanamke asiye na mwana wa kiume huweza kumwoa mwanamke mwingine kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa wawe warithi wa nyumba yake. Baba yao kijamii ni wa nyumba hiyo. Aliyewazaa kwa damu hatajwi. Karani wa ubatizo anayeuliza jina la baba atajibiwa kwa unyofu kabisa, na ataandika jina ambalo mtafiti wa kizazi cha tatu, akiwa na fikra za damu tu, atalielewa vibaya. Si sajili wala simulizi iliyodanganya. Swali liliulizwa kwa lugha ya damu, likajibiwa kwa lugha ya nyumba.

Marika nayo yanahitaji uangalifu. Majina saba ya marika ya Wanandi, yaani Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, huzunguka, na kila moja hurejea baada ya takriban karne moja. Msimulizi anaposema kwamba babu mkuu alikuwa wa rika la Sawe, ametoa kipimo cha wakati ambacho ni bora kuliko makisio mengi ya umri yaliyoandikwa na maofisa. Lakini kipimo hicho kinaweza kumwelekeza msikilizaji kwa Sawe wa karne hii au wa karne iliyotangulia. Hapa hati yenye tarehe, hata ikiwa ni risiti ya kodi, yaweza kutatua jambo ambalo simulizi haiwezi kulitatua peke yake. Jan Vansina katika kazi zake za 1961 na 1985, na David Henige katika kitabu chake cha 1974 kuhusu kronolojia, walionya kwamba simulizi huweza kufupisha vizazi au kuvirefusha. Onyo hilo lingali na nguvu.

Mrejesho wa Maandishi

Hatari nyingine ni kwamba maandishi huweza kurudi mdomoni. Alex Haley, mwandishi wa Roots (1976), alipofika Juffure nchini Gambia alisimuliwa habari za babu yake Kunta Kinte. Mwanahistoria Donald Wright, katika makala ya mwaka 1981, alionyesha kwamba habari alizozileta Haley mwenyewe zilikuwa zimetangulia na kuathiri alichosimuliwa. Mtafiti aliisikia sauti yake mwenyewe akadhani ni ya mababu.

Waswahili wana mfano wa karibu zaidi. Habari za Pate, tarehe ya masultani wa Nabahani, imetufikia katika nuskha kadhaa, na baadhi yake zilitokana na Bwana Kitini, mzee wa ukoo huohuo, aliyezisimulia kwa watu mbalimbali mwanzoni mwa karne ya ishirini. Nuskha hizo hazilingani. Kuandikwa hakukuifanya nasaba ya Pate iwe moja. Kulihifadhi tofauti za usimulizi wake. Huko Nandi, wazee wengi wa leo wamesoma shuleni, na habari za Koitalel zimo katika vitabu vya kiada. Mtafiti hana budi kuuliza kwanza jinsi msimulizi alivyoipata habari: kwa baba, kwa mwalimu, au kwa mwanasiasa jukwaani.

Hitimisho

Suala hili lina uzito nje ya kumbi za chuo. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi kuhusu madai ya dhuluma za kihistoria ya Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 madai yao dhidi ya Uingereza yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika madai ya aina hii, ukoo hutakiwa kuonyesha kwamba ulikuwapo mahali ambapo watawala walikuwa na kila sababu ya kutoandika kwamba ulikuwapo. Kudai hati tu kutoka kwa watu walionyimwa hati ni kuwaadhibu mara mbili.

Lakini upo upande wa pili, na mtafiti wa Eldoret hawezi kuukwepa. Katika machafuko yaliyoanza mwaka 1991 na katika yale ya 2007 na 2008, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni lilichoma nyumba, na ndani ya nyumba hizo yaliteketea makaratasi ya familia nyingi zilizoishi Uasin Gishu kwa vizazi. Mnamo tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Nasaba iliyogeuzwa kuwa cheti cha umiliki inaua.

Uhakiki makini wa vyanzo hautoi silaha ya namna hiyo. Ukoo uliowapa Wanandi viongozi wao mashuhuri unasimulia kwamba asili yake ni Umaasaini. Nyanda zenyewe zina jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, na masimulizi huyahusisha mashimo yaliyotapakaa juu yake na Wasirikwa waliotangulia. Nyumba za Wanandi zimeendelezwa na watoto waliopokewa kwa desturi bila ya kuulizwa damu. Anayefuatilia ukoo wake kwa uaminifu, akiisoma sajili na kuisikiliza simulizi kwa ukali uleule, atafika mahali ambapo babu yake alipokewa na watu wengine akiwa mgeni. Mahali hapo ndipo historia ya Sisibo na historia ya Eldoret zinapokutana.